Sura ya Saba: Maji Yasiyokuwemo

Ripoti ya chuo ilikuwa na kurasa mbili, na Inspekta aliisoma akiwa amesimama, kwa sababu kiti pekee kilichobaki ndani ya chumba namba kumi na tisa kilikuwa kimeungua miguu miwili.

"Hebu nisomee tena hapo katikati," alimwambia mlezi wa bweni. "Nataka nisikie kwa sauti ya mtu mwingine. Labda ni macho yangu."

Mlezi wa bweni, mama wa makamo mwenye funguo nyingi shingoni, alishusha miwani. "'Mfumo wa kupoza kwa maji ulipasuka, maji yakaimwagikia pawa saplai ya wati mia nne na hamsini, ambayo tayari ilikuwa imezidiwa, ikalipuka. Chanzo ni uzembe wa mwanafunzi katika kuchagua vifaa.'"

"Nani kaandika?"

"Fundi umeme wa chuo."

"Aliifungua hii kompyuta?"

"Alisimama mlangoni, afande. Alisema moshi unamkereketa."

Kituoni walimwita Inspekta Mama Kwanini, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alivaa glavu, akapiga magoti kwenye masizi, akatoa bisibisi mfukoni.

Moto ulitokea siku tatu nyuma, saa kumi jioni. Chumba kilikuwa cha wasichana wawili. Mmoja, anayesomea uhandisi na ambaye chuo kizima kilimwita Wati, alikuwa amejiundia kompyuta ya kuchezea gemu kwa mikono yake. Mwenzake ndiye aliyeling'oa pazia lililokuwa linawaka, na sasa alikuwa amelazwa hospitali, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Wati alikuwa mahabusu. Saa nane mchana kamati ya nidhamu ingekaa ili kumfukuza chuo na kupeleka jalada lake kwa mwendesha mashtaka. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi.

Inspekta aliondoa ubavu wa kasha la kompyuta. Alitafuta mabomba ya maji. Hakuna. Alitafuta pampu. Hakuna. Alitafuta tangi, hata lile dogo kama kopo la dawa ya kikohozi. Hakuna. Juu ya prosesa, ubongo wa mashine, kulikuwa na mnara wa mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na feni mbili zimeubana huku na huku.

"Mama, njoo uone. Hiki ni kipoza joto cha hewa. Feni inapuliza, mabati yanapoa, basi. Hii mashine haijaonja tone la maji tangu izaliwe."

"Labda yalikauka kwa ule moto," mlezi alisema.

"Na mabomba nayo yalikauka?"

Mlezi akaguna. "Kwa hiyo walimlaza yule mtoto rumande siku tatu kwa maji ambayo hayapo."

"Shika tochi hii. Bado hatujamaliza."

Pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kifaa ndani, ilikuwa chini kwenye kona. Inspekta aliifuta masizi kwa kidole. Lebo ilisema wati mia saba na hamsini. Alisoma mara mbili, akapiga picha lebo yote pamoja na namba yake ndefu ya kiwandani, kisha akafungua skrubu nne na kumulika ndani. Kulikuwa safi. Hakuna kilichopasuka wala kuvimba. Kitu kilicholipuka hakikai namna ile.

Basi moto ulianzia wapi? Alifuata weusi. Huku mbele mashine ilikuwa na masizi tu. Nyuma ya bodi kuu inayobeba vifaa, kwenye uchochoro mwembamba ambamo mafundi huficha nyaya, plastiki ilikuwa imeyeyuka, na ilizidi kuyeyuka kadiri alivyoshuka, hadi akafika kwenye diski iliyofungwa karibu na sakafu. Diski ilikuwa na tundu dogo ubavuni, kingo zake nyeupe kwa joto. Waya uliokuja kwenye diski ile ulikuwa uchi, shaba tupu. Aliufuata kurudi nyuma hadi kwenye pawa saplai. Mwishoni, palipokuwa pamesalia kipande cha ngozi yake, waya ule ulikuwa wa kijivu.

Nyaya nyingine zote zilikuwa nyeusi.

Aliuchomoa, akautia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa.

* * *

Nje ya chumba cha mahojiano kituoni, kwenye benchi, alikaa mwanamke mwenye sare ya wafuaji wa hospitali. Alisimama mara alipomwona Inspekta.

"Mimi ni mama wa mtuhumiwa. Nimeshaambiwa nikae kimya mara nne tangu asubuhi, kwa hiyo ukitaka kuniambia mara ya tano, sema sasa hivi tumalizane."

"Sitaki ukae kimya. Mwanao ni mzembe?"

"Mzembe? Yule hupima mchele kwa mizani! Kabla hajanunua feni moja alinisomea karatasi wiki nzima, mpaka nami nikajua feni ya milimita mia na ishirini. Mimi! Ninayefua mashuka!"

"Ingia ndani ukae naye."

Askari wa zamu alifungua mdomo. Inspekta alimtazama, naye askari akaufunga.

Wati alikuwa na miaka ishirini, shati limeungua mkono mmoja. Kabla ya kuulizwa lolote aliuliza yeye. "Mikono yake inaendeleaje?"

"Vidole vyote vinacheza. Nimepiga simu leo asubuhi. Sasa nijibu mimi. Kwa nini ulichagua kupoza kwa hewa?"

Binti alishangaa. Siku tatu watu walikuwa wamemuuliza kwa nini amechoma bweni, hakuna aliyemuuliza swali la maana.

"Kwa sababu prosesa yangu haizidi wati mia na ishirini na tano. Mnara ule unamudu mia na themanini. Kasha langu lina nafasi ya milimita mia na sabini, na mnara ni mia na hamsini na nane, kwa hiyo kifuniko kinafunga. Maji ya nini? Pampu ikifa katikati ya muhula natupa kipoza chote. Feni ikifa nabadilisha feni."

"Ripoti inasema ulitumia maji."

"Maji gani?"

"Na pawa saplai ya mia nne na hamsini."

Wati aliinua uso. "Daftari langu. Ukurasa wa kwanza. Hiyo ilikuwa kabla sijapata kadi ya picha. Nilipiga mstari juu yake, afande. Mistari miwili! Hesabu ya kweli iko ukurasa wa pili. Prosesa mia na ishirini na tano, kadi ya picha mia mbili themanini na tano, vingine vyote themanini. Jumla mia nne na tisini. Nikaongeza nusu yake, kwa sababu kadi ya picha huvuta umeme kwa kishindo gemu likichanganya. Ikawa mia saba thelathini na tano. Dukani kuna mia saba hamsini. Nikachukua hiyo."

"Kwa hiyo wamesoma ulichokifuta."

"Na hawakufungua ukurasa wa pili!" mama yake alidakia. "Wanaweza kumfukuza mtu chuo lakini kufungua ukurasa hawawezi!"

Inspekta aliweka mfuko wa ushahidi mezani. "Waya huu ni wako?"

"Ndiyo. Zangu zote ni za kijivu. Zilikuja pamoja na pawa saplai."

"Nyingine zote kwenye mashine ni nyeusi."

Wati aliuvuta mfuko karibu, akaugeuza, akaugeuza tena. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi hakuzibadilisha zote."

"Nani?"

"Bwana Barafu. Wa dukani. Wiki tatu zilizopita pawa saplai ilianza kulia kama mbu. Ilikuwa na dhamana, nikaipeleka mashine nzima. Akanipa mpya, ya wati zilezile lakini ya kampuni nyingine, akasema ataifunga mwenyewe. Mteja akigusa, dhamana imekufa."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Nyaya za kampuni moja na kisanduku cha kampuni nyingine, kuna ubaya gani?"

"Upande wa diski, plagi ni sawa dunia nzima. Upande wa kisanduku, kila kampuni inapanga volti zake inavyotaka. Nyaya kubwa zina maumbo tofauti, zitakataa kuingia. Lakini huu mdogo wa diski, plagi zake hufanana. Utaingia vizuri kabisa, mpaka utalia 'tik'. Halafu pale diski inaposubiri volti tano, zinakuja kumi na mbili."

"Na wiki tatu zote haukuwaka?"

"Ulikuwa hauna kazi. Diski yangu ya kwanza inakaa kwenye bodi moja kwa moja, haina waya. Siku ile ya moto nilinunua ya pili. Nikaichomeka kwenye plagi iliyokuwa inaning'inia bure, nikawasha. Sekunde tatu. Haikufika nne."

"Ungeweza kujua?"

"Ningejua kama ningefunga kwa mkono wangu."

* * *

Duka la Bwana Barafu lilipata jina kutokana na kiyoyozi chake, kilichowashwa hata siku za baridi ili wateja waelewe anauza nini. Mafeni yalizunguka kwenye rafu yakiwaka rangi saba. Ukuta wa nyuma wote ulijaa picha za kompyuta, na zote zilipigwa kutoka nyuma.

Mwenyewe alikuwa mtu wa miraba minne, mikono safi kama ya daktari. Inspekta alionyesha kitambulisho.

"Aa, yule binti aliyechoma bweni," alisema. "Inasikitisha. Mimi nilimpa boksi tu, afande. Pawa saplai mpya, ikiwa na nyaya zake ndani. Akaenda kufunga mwenyewe. Vijana wa siku hizi hawaambiliki."

"Hukuigusa mashine yake?"

"Hata skrubu."

"Sawa." Inspekta aligeukia ukuta kama mtu aliyeridhika. "Hizi kazi za nani? Nyaya zimelala kama nywele zilizosukwa."

Bwana Barafu alitoka nyuma ya kaunta. "Zangu. Kila mashine inayotoka hapa napiga picha mgongo wake."

"Kwa nini mgongo?"

"Mbele mtu yeyote anapamba, dada. Taa, kioo, mbwembwe. Fundi utamjua mgongoni. Tazama hii. Vifungo kumi na vinne, kila kimoja umbali uleule. Huku mjini hakuna mwingine."

"Na hapa juu umeandika tarehe."

"Kila moja. Mimi si fundi wa kubahatisha."

Inspekta alitoa simu, akafungua picha aliyoipiga asubuhi, akatembea kando ya ukuta taratibu akisoma lebo za pawa saplai zilizoonekana chini ya kila picha. Alipita safu ya kwanza. Katikati ya safu ya pili alisimama.

"Nisomee namba hii."

"Ipi?"

"Ya kiwandani. Hapo kwenye lebo. Umepiga picha nzuri, inasomeka yote."

Bwana Barafu alianza kusoma kwa sauti. Alipofika tarakimu ya sita, Inspekta aliinua simu mbele ya uso wake. Fundi alisoma tarakimu ya saba kwenye simu, na hakuendelea.

"Hii ndiyo ile ambayo hukugusa hata skrubu. Tarehe ni wiki tatu zilizopita. Vifungo kumi na vinne nimevihesabu. Na hapa katikati ya nyaya nyeusi kuna mmoja wa kijivu. Huo ni wa nani?"

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

"Zile kubwa zilikataa kuingia," alisema hatimaye. "Nikabadilisha. Sikuacha hata moja. Huu mdogo uliingia. Kitu kikiingia, afande, kimeingia. Ungekataa ningeubadilisha."

"Boksi lilikuwa na waya wake mweusi wa diski?"

"Ulikuwemo."

"Kwa nini hukuutumia?"

"Huu ulikuwa umeshalala. Nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe mwezi wa kwanza, alipoleta mashine nimpangie nyaya. Unaona ulivyopita nyuma ya bodi? Kuutoa ni kukata vifungo vyote, kuanza upya. Na diski yenyewe hakuwa nayo. Nikasema huu hauna madhara."

"Mtoto wa watu ameungua mikono yote miwili," Inspekta alisema, "na mwingine amelala sakafuni rumande, ili waya wako ulale vizuri. Nimekuelewa sawasawa?"

"Sikukusudia..."

"Sikuuliza ulikusudia nini. Uliponisimulia kuwa aliifunga mwenyewe, uongo huo nao uliingia tu?"

Inspekta aliutazama tena ukuta, na safari hii alianza kuhesabu kwa kidole. Pawa saplai ya aina ileile mpya, nyaya nyeusi, wa kijivu mmoja katikati. Hii. Na hii. Safu ya tatu zilikuwa nne mfululizo.

"Zile za kampuni ya zamani ziliharibika ngapi?"

"Lilikuwa toleo bovu. Zilirudi nyingi."

"Na zote ulizibadilisha hivi. Naona kumi na moja nyingine."

"Zinafanya kazi, dada. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Kwa sababu hakuna aliyenunua diski ya pili. Leta kitabu cha wateja. Shusha na hizo picha. Zote kumi na mbili. Halafu funga duka, unakwenda na mimi."

* * *

Kamati ya nidhamu ilikuwa na watu watano na jagi la maji. Wati alikaa mwisho wa meza akiwa na askari wa kike, mama yake nyuma yake. Inspekta aliingia saa nane na dakika mbili, na kitu cha kwanza alichokiona mbele ya Mkuu wa Wanafunzi kilikuwa barua iliyokwisha kuchapwa, kusainiwa na kupigwa mhuri.

"Mmemaliza kumsikiliza?" aliuliza.

"Tulikuwa tunaanza," Mkuu wa Wanafunzi alisema.

"Barua imewahi sana."

"Ni rasimu."

"Rasimu yenye mhuri. Haya."

Alieleza kwa dakika nane. Waya wa kijivu ulipita mkono hadi mkono ndani ya mfuko wake. Picha kumi na mbili zilitandazwa mezani. Alisoma kauli ya Bwana Barafu, iliyosainiwa, neno kwa neno. Kisha alimgeukia fundi umeme wa chuo, aliyekuwa amekaa pembeni na ripoti yake magotini.

"Maji uliyaona wapi?"

"Nilitumia uzoefu, afande. Kompyuta nyingi za gemu siku hizi..."

"Sikuulizi kompyuta nyingi. Hii moja. Uliona maji?"

"Hapana."

"Na mia nne hamsini?"

"Nilionyeshwa daftari."

"Lenye mistari miwili juu ya namba hiyo. Ulidhani mistari ni mapambo?"

Mama wa Wati alitoa sauti fulani puani. Mkuu wa Wanafunzi alikohoa, akapanga kalamu zake.

"Kamati inashukuru kwa kazi ya polisi," alisema. "Ni wazi kuna mambo mapya. Napendekeza tuahirishe wiki mbili, tupitie upya maneno ya ripoti, na wakati huo mwanafunzi abaki nje ya chuo, kwa usalama wa wenzake."

"Usalama wa nani?" Inspekta alisema. "Aliyechagua vizuri kila kitu ndani ya mashine ile ni yeye peke yake. Jalada lake nalifunga leo hii. Askari, mwachie."

"Sisi tuna taratibu zetu, Inspekta. Binti, kaa chini tafadhali."

Wati alikuwa amesimama. Hakuwa anamtazama Mkuu wa Wanafunzi. Alikuwa ameinama juu ya zile picha, anazihesabu.

"Samahani," alisema. "Hawa kumi na moja. Wameshaambiwa?"

"Namba zao zimo," Inspekta alisema, akafungua kitabu cha wateja. "Nilikuwa nianze nikitoka hapa."

"Hilo si suala la kamati hii," alisema Mkuu wa Wanafunzi.

"Mama, nipe simu yako."

Mama yake alimpa. Wati alibonyeza namba ya kwanza hapohapo, amesimama, kidole kwenye kitabu.

"Shikamoo. Hunijui. Unayo kompyuta uliyobadilishiwa pawa saplai na Bwana Barafu? Usiniulize kwanza, izime. Usizime kwenye kitufe tu, chomoa ukutani. Chomoa, nakusubiri... Umechomoa? Usichomeke diski yoyote, usifungue. Kuna waya wa kijivu ndani, huo ndio mbaya. Polisi watakuja kuuchukua. Asante."

Aliangaza huku na huku mezani akitafuta kitu cha kuandikia. Mama yake alinyoosha mkono, akaivuta ile barua yenye mhuri kutoka mbele ya Mkuu wa Wanafunzi, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mweupe, na kumwekea mwanawe pamoja na kalamu.

"Mama, huo ni waraka wa chuo!" Mkuu wa Wanafunzi alimaka.

"Ni rasimu," mama alisema. "Andika, mwanangu."

Wati aliandika: *1, amezima.* Akapiga ya pili. Mkuu wa Wanafunzi alianza kusema kitu kuhusu heshima ya kikao, na binti, simu sikioni, alimwinulia kiganja kama anavyonyamazishwa mtoto. Mkuu akarudi kwenye kalamu zake. Wajumbe wengine wanne walikaa wakisikiliza maneno yaleyale yakirudiwa, chomoa, nakusubiri, usifungue, na mmoja wao, mwalimu wa hesabu, alivuta kitabu upande wake, akatoa simu yake mwenyewe na kuanza kutoka chini kwenda juu.

Saa tisa kasoro, nyuma ya barua ile kulikuwa na mistari kumi na mmoja. Mmoja tu haukuwa na neno mbele yake.

"Huyu wa saba hapokei," Wati alisema. "Nimepiga mara tano. Sasa imezimwa kabisa."

Inspekta alikuwa ameshachukua funguo za gari. "Kitabu kinasema anakaa wapi?"

Wati alimsomea mtaa na namba ya nyumba, akaikunja barua, akaitia mfukoni, wakatoka wote wawili bila kuomba ruhusa ya mtu.